Posa ya Mfumo Mpya

TANGAZO KWA UMMA. Ofisi ya Uratibu wa Meza na Vizimba, Ukanda wa Mwambao, kwa furaha na unyenyekevu inawaarifu wananchi wote kwamba kompyuta ya ofisi imepokea pendekezo rasmi la kuhamia mfumo endeshi mpya. Pendekezo linashughulikiwa katika ngazi za juu. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Bi Ashatu alilisoma tangazo hilo pale ukutani taratibu, kidole chini ya kila neno, mpaka akafika kwenye muhuri. Kisha akatulia, kama alivyoombwa. Alikuwa mtu mtulivu tangu zamani, lakini kwa kuwa safari hii ombi limetoka ofisini, akaongeza kidogo.

Alikuwa amekuja kuhuisha cheti cha meza. Alikaanga samaki karibu na mnada wa Bagamoyo, kwenye meza ya mbao aliyoachiwa na mama mkwe wake, na kwa meza hiyo alikuwa amelea watoto na sasa alikuwa akilea wajukuu. Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: meza ambayo cheti chake hakijahuishwa hadi mwisho wa mwezi, hupewa mwombaji anayefuata. Mwombaji anayefuata alikuwa anajulikana. Aliitwa Hamidu, kijana wa Dunda mwenye mpango wa kuweka friji la soda, na alikwisha kuja na tepu yake kupima. Alianza kwa shikamoo, akaomba ruhusa ya kuliinua karai la mafuta, akapima urefu na upana, akalirudisha karai palepale lilipokuwa.

"Bi mkubwa, mimi na wewe hatuna noma," alimwambia. "Haya ni mambo ya mfumo tu."

Bi Ashatu alimshukuru kwa kulirudisha karai. Si kila mtu angekumbuka.

Huko ofisini karani, Bi Arafa, alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akakaa juu ya boksi la karatasi. Akamweleza hali ilivyo. Kompyuta ya ofisi ni moja, na vyeti vyote vya ukanda mzima hutoka humo. Asubuhi moja ilipowashwa, yakajitokeza maandishi ambayo hayajapata kuonekana: mfumo mpya uko tayari, je, mnaukubali? Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Moja ilisema "Sasa". Nyingine ilisema "Nikumbushe baadaye".

"Mfumo endeshi ndio roho ya kompyuta," Bi Arafa alisema. "Huu wa zamani tumeshazoeana nao. Huyo mpya anaomba kuingia."

"Ameomba vizuri?"

"Vizuri sana. Hakulazimisha mtu."

Bi Ashatu alipendezwa kusikia hivyo.

Mratibu Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Msabaha, mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na moyo mzuri nyuma ya kalamu hizo. Siku ileile ya pendekezo aliunda Kamati ya Tathmini ya Mpito wa Kimfumo. Ili kuepusha upendeleo, hakumteua mtu yeyote anayejua kompyuta. Uenyekiti alimpa Mzee Seleman, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshenga, na nusu ya ndoa za mji zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Mzee Seleman alikitazama kioo cha kompyuta kwa muda, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema jambo hili si geni. Mtu amekuja, amepiga hodi, ameeleza haja yake, na sasa anasubiri jibu. Hii ni posa. Na posa haijibiwi siku ileile, watu wakaja kusema kwamba nyumbani kwa binti walikuwa wamekaa roho juu wakingoja wa kumchukua.

Bwana Msabaha aliupenda mtazamo huo. Kwenye muhtasari aliuita "mkabala shirikishi unaozingatia mila". Tangu hapo, kila asubuhi kamati ilikusanyika mbele ya kompyuta, Bi Arafa akaiwasha, posa ikajitokeza, Mzee Seleman akatikisa kichwa, na Bwana Msabaha akabonyeza "Nikumbushe baadaye" kwa niaba ya ofisi. Kesho yake posa ilikuwa palepale. Haikununa wala haikupandisha sauti.

"Huyu ana nia," Mzee Seleman alisema, na kamati yote ikakubali.

Vyeti navyo vilisitishwa. Bwana Msabaha alitoka mwenyewe chumbani mwake kumweleza Bi Ashatu, hakutuma mtu, na Bi Ashatu aliliona hilo. Alimwambia kwamba binti aliyeposwa hazungushwi huku na huku akitumwa kazi mbele ya macho ya watu; kwa hiyo, ili kulinda hadhi ya mtambo, kompyuta imepumzishwa mpaka jibu la posa litoke. Na kweli ilikuwa imefunikwa kanga mpya, doti ya Bi Arafa mwenyewe. Bi Ashatu akasema imeipendeza. Kisha akauliza.

"Na mwisho wa mwezi nao umesitishwa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kalenda haiko chini ya ofisi hii."

"Na meza yangu?"

"Meza yako iko chini ya ofisi hii."

Bi Ashatu alifikiri akaona amejibiwa maswali yote mawili. Akashukuru akarudi kwenye samaki wake. Jioni ile, alipokuwa akikusanya vyombo, alijikuta anaifuta meza mahali palipokwisha kuwa safi, anafuta, anafuta tena.

Kesho yake alikwenda tena ofisini, na keshokutwa. Hakwenda kugombana. Alikwenda kukaa, ili siku jibu litakapotoka wasipate taabu ya kumtafuta. Bi Arafa alimletea maji ya mtungini kila alipofika. Mlinzi alimsogezea kiti kufuata kivuli. Alitunzwa vizuri mno kwa mtu anayepoteza meza.

Basi ikafika zamu ya uchunguzi. Mzee Seleman alisema mposaji haaminiwi kwa maneno yake. Lazima aulizwe huko alikotoka. Ikajulikana kwamba kule Zinga, kando ya barabara ya Dar, Bwana Ibrahimu mwenye duka la steshenari alikwisha kuupokea mfumo huo. Ujumbe ukaundwa. Lakini ujumbe wa aina hiyo hauna uzito bila mwanamke mtu mzima, na mwanamke mtu mzima aliyekuwa karibu ni Bi Ashatu, amekaa pale kivulini. Akapandishwa bajaji pamoja na wakubwa. Alikuwa na samaki wa kukaanga kwenye kikapu, kwa kuwa watu hawaendi kumuulizia mtu mikono mitupu.

Bwana Ibrahimu aliwapokea kwa heshima, akaipangusa kompyuta yake kwa kiganja. Mzee Seleman alianza kwa mbali, na hali ya hewa, na afya ya familia, ndipo akafika.

"Anaamka mapema?"

"Nikimgusa tu, mzee, ameamka."

"Waliomtangulia anawaheshimu?"

"Mafaili yangu ya zamani yote ameyafungua. Hata yale ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau."

"Anakula sana?"

"Bando," alisema Bwana Ibrahimu, akainamisha kichwa. "Hapo sitawaficha. Anakula."

"Kasoro nyingine?"

Bwana Ibrahimu alisita. Wakamwambia asiogope, haya yatabaki baina yao na kumbukumbu za ofisi. Ndipo akasema kwamba kile kitufe cha kuanzia, ambacho tangu dunia ijue kompyuta kimekaa pembeni kushoto, huyu mpya amekihamishia katikati.

"Bila kuuliza?" alisema Bwana Msabaha.

"Bila kuuliza."

Wakarudi Bagamoyo. Siku zilizofuata kamati haikujadili kitu kingine. Wapo walioona mtu anayehamisha vitu vya watu siku ya kwanza, siku ya pili atahamisha watu. Wapo walioona huo ni ubunifu. Mwezi ulikuwa unakwisha, na Hamidu alikwisha leta friji lake kwa mkokoteni, akaliegesha karibu na meza, akamwomba Bi Ashatu amwangalizie. Bi Ashatu alilifunika gunia lisipigwe na jua. Lakini kila alipoligeukia, mikono yake ilisahau ilichokuwa ikifanya, na samaki mmoja aliungua, jambo ambalo wateja wake walilizungumza.

Kamati iliposhindwa kabisa, Mzee Seleman alimuuliza Bi Ashatu, kwa kuwa naye alikuwa Zinga. Bi Ashatu alisema marehemu mume wake alihamisha kitanda siku ya kwanza tu ya ndoa, akakisogeza dirishani bila kuuliza mtu. Bi Ashatu alikasirika wiki nzima. Kisha akaona kumbe pale pana upepo. Na zaidi ya hilo hakupata kuona ubaya wake.

Maneno hayo yaliandikwa kama "uzoefu wa mdau", na ndiyo yaliyoamua. Kamati ikaridhia.

Siku ya jibu ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi. Bwana Msabaha alikwisha bandika barua za mwaliko, na watu wa vizimba walijaa mpaka barazani. Wajumbe walivaa kanzu. Palikuwa na kahawa na kashata, na Bi Arafa alifukiza udi, ila mbali na nyaya. Hamidu naye alikuwepo, amevaa shati la kupigwa pasi, kwa kuwa leo angemilikishwa meza. Alimchagulia Bi Ashatu mahali pa mbele.

Bwana Msabaha alihutubia. Alisema ofisi yake haikukurupuka. Alisema taasisi nyingi hupokea kila kinachokuja, lakini hii imepima, imechunguza, imeulizia mpaka Zinga, na imejiridhisha kwamba mfumo huu unastahili. Aliutakia mfumo uvumilivu, maana umekuja kwenye nyumba yenye taratibu. Watu wakapiga makofi. Kanga ikafunuliwa. Bwana Msabaha akanyoosha kidole, akatazama kushoto na kulia ili picha zipigwe, akabonyeza "Sasa".

Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo.

"Anatafakari," alisema Mzee Seleman.

Kikazunguka. Kahawa ikapoa. Hatimaye kikakoma, yakatokea maandishi, na Bi Arafa akainama kuyasoma. Aliyasoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akamtazama Bwana Msabaha kwa huruma.

"Soma, Bi Arafa. Umma unasubiri."

"Mfumo unasema umetuchunguza."

"Vizuri. Na?"

"Unasema kompyuta hii haikidhi vigezo vya chini."

"Vya chini?"

"Vya chini kabisa, Mratibu. Unasema imezeeka. Unatushukuru kwa kupendezwa nao."

Barazani hakuna aliyecheka, na Bi Ashatu aliwahesabia hilo kuwa wema. Mtu mmoja tu ndiye aliyesikika akimwambia mwenzake kwamba kumbe siku zote hizo na wao walikuwa wanachunguzwa. Mzee Seleman, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuona mposaji akikataa baada ya kukubaliwa, alivua kofia na safari hii hakuivaa tena. Bwana Msabaha alikuwa bado amenyoosha kidole.

Bi Ashatu aliinuka akamshika mkono, akaushusha, akamkalisha. Alimwambia haikuwa riziki. Alimwambia binamu yake Maulida aliachwa na mchumba siku ambayo wali ulikuwa umeshateremshwa jikoni, akalia, akala ule wali, na leo ana wajukuu. Alimpa kikombe cha kahawa, akangoja mpaka amekunywa. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, lile lililomleta.

"Mwanangu, ulisema vyeti vimesimama mpaka jibu litoke."

"Nilisema, mama."

"Jibu limetoka?"

Bwana Msabaha alikitazama kioo. Alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu ulikuwa wazi.

"Limetoka," alisema.

Bi Arafa alikwisha kuurudia ule mfumo wa zamani. Haukununa, ulifanya kama ulivyofanya siku zote: ulikohoa, ukachelewa, ukatoa cheti. Bwana Msabaha akasaini akiwa amekaa palepale, kwa kalamu ya kwanza, na wino ulipogoma, kwa ya pili. Nyuma ya Bi Ashatu ukajipanga msururu mpaka nje, na akasaini mpaka watu wote wakaisha. Hamidu alisema hana noma. Bi Ashatu akamwambia friji likae ubavuni mwa meza, watu wakila samaki hupata kiu.

Asubuhi yake ukutani palikuwa na tangazo jipya. Lilisema kwamba ofisi, baada ya tafakuri ya kina, imeona busara kutohamia mfumo mpya kwa sasa. Lilikuwa na mihuri miwili.

Lakini mji wa Bagamoyo una adabu yake kwa mtu aliyeachwa. Bwana Msabaha alipopita barabarani, wanawake waliacha ufagio na kumpa pole. Wazee walimshika bega. Mama mmoja asiyemjua alimletea ofisini bakuli la tambi za sukari, akamwambia ajitahidi kula. Msikitini alipishwa safu ya mbele. Kila mtu alizungumza naye kwa upole, na hakuna aliyetaja tangazo.

Ijumaa, baada ya swala, alifika kwenye meza ya Bi Ashatu. Watu walikuwa wengi, lakini walimwachia nafasi kwenye benchi. Alikaa, akaangalia huku na huku, akajiweka sawa kola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilitaka tu ijulikane," alisema, kwa sauti iliyotosha benchi zima. "Ni sisi tuliokataa."

"Najua, mwanangu," alisema Bi Ashatu, akamwekea kipande cha samaki, akaongeza cha pili. "Kula."