Mkono wa Baba Jukwaani

Jumatatu, 4 Machi

Leo Mwalimu kaniumbua mbele ya darasa zima. Nilicheza mzee: mgongo nimeupinda, kikohozi, fimbo. Kasema fimbo ameiona, mzee hajamwona. Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Kioo, mwenzetu asiyepita dirishani bila kujitazama. Mwalimu ndiye aliyewafundisha waigizaji wote wenye majina makubwa hapa mjini, kwa hiyo sikununa. Nilinuna moyoni.

Kanuni yake ni moja: mtu habuniwi, anaibwa. Nenda kwa mtu aliye hai, mwangalie, leta kitu chake kimoja cha kweli. Atakayeleta mzee wa kweli ndiye atakayepewa nafasi kubwa kwenye onyesho. Nafasi ni yangu! Hata Kioo anajua.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kumwiba fundi viatu wa pale kona. Asubuhi nzima nimemkodolea macho. Kaniuliza nimepotelewa na nini usoni pake. Nikamwomba akohoe tena, polepole. Kanirushia kiatu. Cha mteja! Nimerudi na nundu, mzee sina.

Kioo naye kamleta bibi yake darasani, yaani anavyotafuta miwani iliyo kichwani mwake. Mwalimu kafumba macho kwa raha. Chakula changu cha mchana nikampa paka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempata! Kumbe naishi naye nyumba moja.

Baba ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho duka lake. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Si sana. Mteja akiingia anauficha mfukoni, au anaushika kwa wa kushoto kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Akitaka kutia uzi kwenye sindano anawapa watu mgongo. Mama anajua, maana siku hizi chai anamtilia nusu kikombe. Hakuna aliyeniambia. Nilipita bila hata kumwamkia Baba.

Kisha nikakumbuka: hiki ndicho Mwalimu anachokitaka.

Jumapili, 10 Machi

Utafiti umeanza. Nimekata vifungo vya shati langu makusudi, nikamwomba Baba avishone mbele yangu. Kasema niliache hapo, atalishona baadaye. Nikamkazania. Sindano ikamchoma. Kacheka, kasema ni macho tu, mwanangu, umri huo. Nikaitikia: kweli, ni macho.

Nimegundua kwamba mtetemeko unaanzia begani. Dhahabu tupu!

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu kasimama. Yeye hasimami kwa mtu! Kasema huyu sasa ni mtu. Nafasi ni yangu. Kioo kanipongeza huku uso umemkunjamana.

Jioni nimemwomba Baba anishonee koti la mhusika wangu, mfuko wa kulia uwe na kina. Kauliza kina chote hicho cha nini. Nikamwambia ni ili mkono uingie wote. Kashona huku akiimba, na mimi sikumbuki lini nilimsikia akiimba. Kila mteja aliyeingia kamwalika: njoo umwone kijana wangu, na koti nimelishona mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Onyesho! Baba mstari wa mbele, wateja wake kulia na kushoto. Nikaingia na koti. Bega likaanza, mkono ukafuata, nikauficha mfukoni. Nikawapa mgongo nikatia uzi. Halafu nikaona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, kutoka kwangu kwenda kwa Baba.

Mwisho watu wote walisimama na kupiga makofi. Mwalimu alinikumbatia. Baba peke yake hakupiga makofi, mkono wake ulikuwa mfukoni. Nimeumia kidogo.

Jumatatu, 18 Machi

Mama mwenye duka la dawa kaja kuchukua kitambaa chake. Kasema safari imeahirishwa, gauni halina haraka tena. Mwingine kasema amepata fundi karibu na kazini kwake. Hakuna aliyetaja mkono. Baba kawakunjia vitambaa vizuri, kona kwa kona, kawashukuru.

Walipotoka kaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ningemwomba angenipa. Nikamweleza kanuni ya Mwalimu, kwamba huombi, unaiba. Kaitikia kwa kichwa. Kisha kafunika cherehani saa nne asubuhi.

Nimelia. Si kuigiza, nimelia mpaka kwikwi. Baba yangu ni fundi, hana kingine anachojua, na mimi ndiye niliyemvua nguo mbele ya watu. Kesho naenda kwa wateja wake nyumba kwa nyumba. Nitaapa kwamba mkono ule niliubuni mwenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Nilikuwa nimeshavaa viatu. Mwalimu akapiga simu. Kuna onyesho jipya, kubwa kuliko lile! Anataka mtu anayengoja nje ya mlango uliofungwa. Kioo tayari anamfuatafuata shangazi yake.

Nimevua viatu. Wateja hawakimbii.

Baba amejifungia chumba cha mbele tangu alfajiri. Mama amesimama mlangoni na nusu kikombe cha chai. Anabisha kwa kucha, si kwa ngumi. Anamwita kwa jina lake, lile ambalo huwa halitumii mbele yetu. Chai imepoa na bado ameishikilia kwa mikono miwili.

Nimevuta kigoda nikakaa karibu. Nimemwomba abishe tena, polepole.