Karibu, Biubwa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kwako Biubwa, mke wangu,

Ile programu ya kulinda kompyuta za ofisi imegundulika ina tundu. Makao makuu Dar wameandika kwamba mwizi akiwa popote duniani anaweza kuiamrisha mashine yetu kama yake. Hongera kwao. Tumeweka mlinzi, na mlinzi ndiye kaacha mlango wazi.

Wanataka niweke kiraka, kisha nifute akaunti za wasiokuwapo. Yaani wewe. Mpaka leo naingia kwa akaunti yako. Chembe za kashata zako bado zimo kwenye vitufe, na kila asubuhi kioo kinasema "Karibu, Biubwa". Nitaifuta vipi?

Nimemwambia Bwana Ghalib, bosi, kwamba nimeshamaliza. Amenisifu.

Jumanne, 15 Julai

Warda wa stoo ya barafu, aliyesomea kompyuta miezi sita na hachoki kutukumbusha, ameuliza mbona hakuona mashine ikizimwa na kuwashwa. Nimesema viraka vya kisasa havihitaji. Akasema, kaka Ukasha, mume hakai eda, iweje uikalishe kompyuta? Wapakizi wamecheka mpaka wakaketi. Ucheshi mkubwa.

Jumatano, 16 Julai

Nimechomoa waya wa intaneti. Apite wapi sasa huyo mwizi? Asubuhi nzima tulikuwa ofisi salama kuliko zote Tanzania. Kasoro ndogo: oda za pweza wetu kutoka kwa wanunuzi wa Dar nazo hazikupita. Bwana Ghalib ameuliza kama nawangoja wanunuzi waje kwa kuogelea. Nimerudisha waya. Kiraka bado.

Ijumaa, 18 Julai

Tumetoka msikitini, tumekuta simu zinalia. Mwizi kapita tunduni, kashika akaunti yako, kawaandikia wateja na wavuvi wetu wote kwa jina lako, wafungue alichokiambatisha.

Ami yako Hemedi wa Kanga amepiga. Nimempa shikamoo, hakuitikia. Amesema ulipokuwa hai hukumwandikia hata salamu, leo umemwandikia kwa Kiingereza, je, unamwita? Nimemweleza ni mwizi. Akauliza nani kampa mwizi jina lako. Nikasema mtandao unakatakata.

Jumatatu, 21 Julai

Bwana Ghalib amemkabidhi Warda kompyuta zote. Mimi nimepelekwa stoo ya barafu, ambako, amesema, nikiharibu kitu kitayeyuka tu.

Warda ameweka kiraka. Kabla ya kukufuta aliniuliza kwa upole kama nitatazama au nitatoka nje. Nimetazama. Umeondoka upesi kuliko mara ya kwanza.

Amenifungulia akaunti yangu, akanisihi niweke nenosiri ambalo hakuna mtu kisiwani atakayelikisia. Nimelifikiria sana, kwa makini, kama mtu aliyepata funzo.

Nimeweka Biubwa. Nani atakisia?

Nikumbuke huko uliko.