Albamu Iliyomuua Kapita

Pinga, Jumatatu tarehe 1 Desemba 2008

Dada Hélène, salamu katika Yesu. Afya je? Na mgongo wa shemeji? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Vita imefunga barabara tena, hakuna motari na pikipiki yake wa kuja Butembo. Basi nitakuandikia kidogo kidogo mpaka ifunguke.

Habari kubwa! Kikundi changu cha roki, Radi ya Sinai, kimemaliza albamu ya kwanza. Nyimbo zote za kumsifu Mungu, kwa kelele. Padri amesema tuzipige sokoni Jumamosi. Watu wakija wengi, groupe ya parokia, ile mashine ya umeme, ni yetu Noeli yote. Wasipokuja, inaenda kwa Damien na korali yake ya kuimba misani. Bila groupe gitaa letu ni ubao tu! Damien akacheka mbele ya watu. Eti, Papa Mbusa, hii roki njo ugonjwa gani? Nimemwombea. Si kwa moyo wote.

Jumatano tarehe 3

Albamu haina ladha! Lévi, mpiga gitaa wetu mwenye ordinateri, ile kompyuta, anasema wakubwa wa roki wanakata sauti ya mahali pengine na kuibandika ndani ya wimbo, kama kiraka kwenye suruali. Anaiita sampuli. Nikakumbuka ngoma ya mti ya Wanyanga, ile inayopeleka habari kilima hadi kilima. Lévi iko nayo ndani ya telefone, mara mbili. Siku moja walikuwa wanamwita Kapita Kahombo, mkubwa wa kijiji, mkutanoni. Siku nyingine hatujui walisema nini.

Mke wangu Mama Fifi akaniambia niwaulize wenyewe kwanza. Kuuliza ni kuombwa mbuzi! Sikuuliza.

Ijumaa tarehe 5

Tumekata mwanzo wa ngoma ya kwanza, tumeushona na mwisho wa ile ya pili. Imekaa! Inarudi na kurudi wimbo mzima. Nimelia kwa furaha.

Jumamosi tarehe 6

Baflé, masanduku ya sauti, juu ya meza, sauti mpaka mwisho. Mama wa mihogo akaacha kupima, akashika kichwa. Watu wakateremka vilimani na mikeka, kuni, pombe ya kasiksi. Soko limejaa! Nikapiga magoti nikashukuru. Nikamwonyesha Padri umati.

Mama wa mihogo akaniuliza kama sina haya, nacheka na Kapita amekufa. Kumbe mwanzo wa ngoma ni jina lake. Mwisho ni: amelala, njooni kulia. Na kila ikirudi anakufa upya!

Ndipo Kapita mwenyewe akafika, anatweta. Nani ameniua? Mke wake mkubwa amekwisha kunyoa nywele. Wazee wakasema hawezi kurudi kwa wazima bila mbuzi wangu na ngoma mpya.

Damien? Korali yake ilishaanza nyimbo za mazishi. Vizuri sana, dada, inaniuma kusema. Padri akatangaza: watu wamekuja kulia, si kusikiliza roki. Groupe ninamupa Damien.

Jumapili tarehe 7

Mbuzi amekwenda. Mama Fifi amenipa kamba yake nikae nayo. Nimeungama, nimelia, nimesamehewa.

Lakini telefone ya Lévi ilikuwa inanasa jana! Sauti ya Padri, safi kabisa: “Groupe ninamupa…” Tunakata Damien, tunashona Mbusa, tunapiga kwenye baflé mbele ya waamini wote. Nani atabishia sauti ya Padri? Shida moja: tangu jana ananiita “wewe” tu.

Dada, Padri huyu njo alibariki ndoa yako, na alinitaja kwa jina akinishukuru kwa viti. Barabara imefunguka, motari anaondoka sasa hivi. Mpe motari huyo huyo kaseti ya ndoa, tukate jina langu humo. Tafadhali unijibu upesi, Noeli iko karibu.

Kaka yako,
Mbusa