Alama za Siri Ukutani kwa Hajjat Wahiba

Alhamisi, 23 Agosti

Siku ya tatu ya Idi. Nyama bado ipo. Kazi hakuna.

Hakukuwa na kazi hadi saa nne asubuhi, maana sasa nimepata ukuta. Ule mrefu wa Hajjat Wahiba, unaotazama barabara ya mfereji. Mwenyewe bado yuko Makka, anarudi Jumatano, na mwanawe Mahrus anataka akute nyumba imechorwa kama ilivyo desturi yetu hapa Gurna: Kaaba, ndege iliyompeleka hija, jina lake na mwaka. Nilipofika, Abdulmaujud alikuwa ameshatangulia na ngazi yake. Huyu ndiye mchoraji mwingine wa kijiji. Ndege zake zina mabawa mafupi kama kuku aliyenyonyolewa, na bado watu humwita yeye kwanza. Sijui wamerogwa na nini.

Nikamsikia Mahrus akilalamika kwamba kila nyumba ina Kaaba na ndege. Yeye anataka mama yake apate kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Abdulmaujud akafikiri sana, akapendekeza ndege mbili.

Nikaingilia hapo hapo. Nikasema mimi ninazo alama za kale, za makuhani, kila moja ina maana iliyofichwa, na ukoo wetu umerithishana maana hizo tangu babu wa babu. Babu alikuwa akiuza punda. Na mimi sijui kusoma alama hata moja. Lakini nimezaliwa hatua mia mbili kutoka makaburi ya zama za mafirauni, na mambo hayo lazima yaingie kwenye damu.

Mahrus akauliza kama si haramu. Nikamwambia ni maua na wanyama tu, uzito uko kwenye maana. Kazi ikawa yangu. Abdulmaujud akabeba ngazi yake, akaondoka bila kuaga.

Nilipomweleza mke wangu Sabra, aliacha kukanda mkate. Akanikumbusha kwamba Hajjat Wahiba ndiye mkunga aliyenipokea mimi duniani, na binti yetu Karima, na nusu ya kijiji, na kwamba mama yule hapendi mchezo. Nikamjibu kwamba huu si mchezo, ni usomi.

Ijumaa, 24 Agosti

Baada ya sala nimepanda kilimani kutafuta alama. Mlinzi wa kaburi moja la kule juu ni binamu yake Sabra. Aliniruhusu kuingia kwa birika moja la chai. Ukuta wa kushoto umeandikwa kutoka dari hadi sakafu. Nikachagua mstari wenye sura nzuri: ua la yungiyungi, kitu cha mviringo kilichokatwa nusu, mtungi mwembamba, kichwa cha ng'ombe, kichwa cha bata bukini. Mambo hayo yamerudiwa mara nyingi, mbele ya bwana mnene aliyeketi mezani. Kitu kikirudiwa hivyo lazima ni kitakatifu. Nikanakili kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Jioni nimekaa kutafuta maana. Ua ni roho iliyochanua. Nusu mviringo ni jua linalochomoza juu ya Arafa. Mtungi ni moyo uliojaa. Ng'ombe ni subira. Bata ni safari ya angani. Yalijipanga yenyewe, hata mwili ukanisisimka.

Nikamsomea Sabra. Akauliza kwa nini bata na si ndege kama za wenzangu. Nikamwambia makuhani hawakuwa na ndege, kwa hiyo bata ndiyo maana yake.

"Basi bata ana maana," akasema. "Wewe ndiye huna maana, Baba Karima."

Jumapili, 26 Agosti

Siku mbili za fahari. Nimechora kwa buluu, nyekundu na manjano, kila alama na urefu wa mkono mzima. Ua peke yake lilinichukua asubuhi nzima. Watu wanasimama barabarani. Mahrus amehifadhi maana zote, anawasomea wapita njia kwa fimbo kama mwalimu, na akifika kwenye "moyo uliojaa" sauti inamkatika.

Mkahawani wamenisogezea kiti. Kinyozi akanionyesha pete ya bibi yake yenye mdudu wa kale aliyechongwa kwa jiwe, akataka kujua siri yake. Nikaitazama kwenye mwanga, nikamwambia maana yake ni mtoto wa kiume. Yeye ana mabinti sita. Akaninyoa papo hapo, na masikio akanisafishia.

Abdulmaujud amepita na baiskeli mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akatoa simu, akaupiga picha ukuta. Nikamwambia aige akiweza. Akasema hataki kuiga, anataka kujifunza. Sikupenda jinsi alivyotabasamu.

Jumatatu, 27 Agosti

Siku mbaya.

Nilikuwa juu ya ngazi nikimalizia jicho la bata, Abdulmaujud akaja na bibi mmoja mwembamba mwenye kofia ya majani. Nikamtambua. Ni Bi Halina, Mpoland, ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akija kuchimba makaburi ya kale na wataalamu wake, na Kiarabu chake ni cha hapa hapa mkoani kwetu Saidi, anatukana punda vizuri kuliko mimi. Abdulmaujud alikuwa amemwonyesha ile picha.

Mahrus, kwa furaha, akachukua fimbo akaanza kumsomea: roho iliyochanua, jua la Arafa, moyo uliojaa. Bi Halina akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akaniuliza mimi nimepata wapi mstari huu. Nikasema kwa babu.

"Babu yako alikuwa na njaa," akasema. "Hili ua ni hesabu, mwanangu, maana yake elfu. Hii nusu mviringo ni mkate. Huu ni mtungi wa bia. Elfu ya mikate, elfu ya bia, elfu ya ng'ombe, elfu ya bata bukini. Ni maombi ya chakula. Waliwaandikia maiti ili wasishinde na njaa huko waliko."

Mahrus alikuwa bado ameelekeza fimbo kwenye mtungi. Akaishusha polepole.

Nikajaribu. Nikasema hiyo ndiyo maana ya nje, ya watu wa kawaida; ya ndani ni moyo uliojaa. Bi Halina akaniuliza, umejaa nini?

Abdulmaujud alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Jumanne, 28 Agosti

Hadi saa tatu asubuhi habari imeenea hadi gatini. Mkahawani kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine. Kinyozi ananitafuta. Sabra amerudi kutoka kuchota unga bila unga, kwa sababu wanawake walimuuliza kama bia nayo tunauza.

Mahrus akaja mlangoni. Sijawahi kumwona anaongea chini kiasi kile. "Mama yangu anafika kesho adhuhuri. Umemwekea bia na chakula cha maiti ukutani kwake. Sina hata nafasi ya kukupiga, Nubi. Rekebisha."

Nikakimbilia dukani kununua chokaa nipake ukuta wote mweupe. Chokaa hakuna. Kijiji kizima kimepaka nyumba kwa ajili ya mahujaji, mfuko wa mwisho umeuzwa jana. Aliyeununua ni Abdulmaujud. Nikaenda kumwomba. Akasema angenipa, ila anauhitaji kupaka banda la kuku.

Basi nikapata wazo. Kama huwezi kufuta, ongeza. Nimefanya kazi tangu saa sita juani bila hata kula. Ua nikalitia shina, likawa mtende wa Madina. Mkate nikauongezea watu wadogo wadogo juu yake, ukawa mlima wa Arafa. Mtungi nikauandikia ZAMZAM kwa herufi kubwa, mara mbili, pande zote. Ng'ombe nikamwacha, ni wa Idi. Bata ndiye aliyenisumbua. Mwishowe nikamtia mabawa na madirisha. Ni ndege sasa, lakini ana mdomo.

Nilipokuwa nakusanya brashi, nikakumbuka kwamba Hajjat Wahiba, mama yangu alipokuwa mgonjwa, alilala kwetu siku nane. Alikuwa anatupikia mboga ya molokhia. Nikasimama kidogo nikitazama ule mtungi, halafu nikaenda nyumbani.

Jumatano, 29 Agosti

Amefika. Gari la Mahrus mbele, pikipiki nyuma, wanawake wanapiga vigelegele tangu kwenye daraja. Hajjat Wahiba akashuka, amevaa nyeupe tupu toka kichwani hadi miguuni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Watu wote wakageuza macho ukutani, na hapo nikajua wote wamekuja kwa ajili ya ukuta.

Akautazama. Akautazama sana. Akauliza ni nani amechora. Watu wakasogea pembeni, nikabaki peke yangu kama kigingi.

Nikaanza kueleza. Mtende wa Madina. Arafa na mahujaji. Maji ya Zamzam. Ng'ombe wa Idi. Ndege ya shirika la ndege.

"Ndege ina mdomo," akasema.

Nikasema ni wa kupasulia upepo.

Akanisogelea, akanishika sikio, si kwa nguvu, kama mtu anayeangalia kama embe limeiva. "Nubi wa Tayyib. Nilikuvuta kwa miguu, ulitoka umekunja ngumi kana kwamba umeiba kitu. Mume wangu Mungu amrehemu alichimba makaburi na wageni miaka ishirini na mbili. Kila jioni alinichorea mavumbini alichokiona. Mtungi huu naujua tangu nikiwa bibi harusi. Niambie mwenyewe, ni nini?"

Ningeweza kusema Zamzam tena. Iliandikwa mara mbili. Lakini aliniangalia vile, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bia, Mama Hajjat."

"Ngapi?"

"Elfu."

Mahrus akaweka mikono usoni. Hajjat akaliachia sikio langu. Macho yake yalikuwa yamechoka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakukasirika, aliumia. Akasema kwa sauti ya kawaida, si ya kuwasikizisha watu: "Nimetoka kuomba nisamehewe yote, ya tangu usichana. Nimelia mpaka kiatu kimoja kikanipotea. Hata vumbi la kule halijanitoka, nawe umeniwekea bia elfu moja mlangoni, na mezani nimekaa na maiti."

Nilitaka ardhi ipasuke, lakini hapa kwetu ikipasuka unaangukia kaburi la mtu.

Akatoa hukumu pale pale. Nitapaka ukuta mweupe, mwenyewe, mchana, watu wakiona. Kisha Abdulmaujud atachora Kaaba na ndege kama kwa watu wote, na mimi nitamshikia ngazi.

Abdulmaujud akauliza kama anaweza kuchora ndege mbili. Akaambiwa anyamaze.

Alhamisi, 30 Agosti

Chokaa imepatikana: banda la kuku linaweza kusubiri. Nimepaka tangu asubuhi. Kila aliyepita ameagiza bia. Kinyozi aliagiza mbili, na mtoto wa kiume.

Adhuhuri Hajjat akatoka na chai na tende za Madina kwenye kisahani. Akakaa kwenye kizingiti akinitazama. Nilipofika kwa ng'ombe na bata akaniambia niache. Nikauliza kwa nini. Akasema mumewe alikuwa hawezi kuchora wanyama, ng'ombe wake walifanana na viti. Hawa wangu wanapumua. Wabaki, ila bata atolewe madirisha.

Nikasema, Mama Hajjat, nisamehe. Akasema alinisamehe jana, leo anataka ukuta. Kisha akaniambia kitu ambacho nimeahidi nitakishika maisha yangu yote: mkono wangu ni mzuri, tatizo liko kwenye ulimi. Nichore ninachokijua, na nisichokijua niulize kwanza.

Macho yalinitoka machozi. Nikamwambia ni chokaa.

Baada ya alasiri nimemshikia Abdulmaujud ngazi. Amechora ndege. Mabawa mafupi. Sikusema kitu. Nimebadilika.

Jumanne, 4 Septemba

Watu wamewasifia sana wale ng'ombe na bata. Leo mganga mpya wa meno, aliyefungua chumba cha matibabu karibu na soko, ameniita. Anataka picha ukutani pale wagonjwa wanaposubiri, kitu cha kale chenye maana ya kutuliza hofu. Aliniuliza kama ninazijua alama hizi kweli. Nikamwambia nimesomea kwa Bi Halina.

Nilikumbuka maneno ya Hajjat, kwamba niulize kwanza. Lakini Bi Halina amesafiri kwenda kwao, na mganga ana haraka.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimekwenda kaburi jingine kabisa, nimechagua picha ambayo haina mkate, mtungi wa bia wala hesabu. Mtu yeyote anaielewa kwa macho. Mgonjwa amelala chali juu ya kitanda kizuri chenye miguu ya simba, ametulia, amefungwa bandeji safi kutoka kichwani hadi vidoleni, hata macho na pua. Kando yake amesimama tabibu aliyevaa kichwa cha mbwa mweusi, ameinama kwa upole, mikono yote miwili juu yake. Chini ya kitanda kuna vyombo vinne vya dawa, vyenye vifuniko.

Mganga akauliza maana yake. Nikamwambia: hapa mgonjwa hasikii maumivu tena.

Amefurahi sana. Naanza kesho.