Malalamiko Kuhusu Laptopu Inayokula Chaji Ikiwa Imezimwa

Mkwe wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na binti yangu, na kwamba mtaisoma mkiwa mmeshakula, maana si barua ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mmoja wetu, naye ni ile laptopu uliyonizawadia mwaka jana nilipostaafu ukaguzi wa shule.

Utaona nimekuandikia kwa kalamu. Sababu utaielewa mbele ya safari.

Najua kwamba kwa heshima iliyopo kati yetu si vizuri baba mkwe kulalamikia zawadi. Nimejizuia miezi mitatu. Mama mkwe wako anasema sikujizuia hata siku tatu, lakini yeye huhesabu mpaka yale ninayoyasema peke yangu bafuni. Sasa maji yamenifika shingoni. Na kwa kuwa nilikagua shule miaka ishirini na tisa, na sikuwahi kutoka katika shule yoyote bila kuacha taarifa, naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba.

1. Kompyuta hii inakula ikiwa imezimwa. Naizima mwenyewe, kwa kidole changu, saa kumi na mbili jioni, ikiwa na chaji asilimia themanini na nne. Nangoja kioo kiwe cheusi. Nakigusa kuhakikisha kinapoa. Asubuhi saa tatu naiwasha, nakuta sitini na mbili. Mfanyakazi anayekula akiwa kazini namwelewa, hata mimi nilikuwa hivyo. Huyu anakula akiwa likizo, na akirudi kazini anadai amechoka.

2. Nilipokueleza tatizo hili ulinitumia maelekezo matatu kwa simu, nami nakushukuru. Nitayajibu kwa mpangilio.

La kwanza uliniambia niingie kwenye mipangilio nizime ile "kuwaka haraka", ambayo huiacha mashine nusu macho hata ukiizima. Niliitafuta siku mbili. Katika kuitafuta nilibadilisha lugha ya kompyuta ikawa lugha yenye herufi za mduara, nzuri sana kwa kuangalia, na ikabidi nimpelekee fundi anirudishie. Huyo fundi akaizima hiyo kuwaka haraka hapo hapo, kwa dakika moja, huku akiongea na mteja mwingine.

La pili uliniambia nichomoe kila kilichochomekwa. Nilichomoa kipanya. Nilichomoa kile kijiti cha kuhifadhia mafaili. Nilichomoa hata kalenda iliyokuwa msumarini juu ya meza, kwa kutotaka lawama.

La tatu uliniambia niandike asilimia kila nikizima na kila nikiwasha. Hapa, Mkwe, ulimgusa mtu wa kazi yake. Nimenunua daftari, nimelipiga mistari, lina safu nne: tarehe, ilipozimwa, ilipowashwa, na maoni ya mkaguzi. Maoni ya mkaguzi kwa siku kumi na tisa za kwanza ni "Hairidhishi". Siku ya ishirini niliandika "Hairidhishi kabisa", nikapiga mstari chini, kalamu ikatoboa karatasi.

3. Kwa kuwa maelekezo yako hayakusaidia, nilirudi kwa fundi, kile kibanda kilicho kati ya duka la viatu na pale wanapotoa fotokopi. Akaifungua mgongo, akaipima betri, akaniambia, "Mzee, betri nzima kabisa. Niachie siku mbili niiangalie." Nikamwachia. Baada ya siku mbili nikaikuta imepungua asilimia moja. Moja, Mkwe. Kwa watu wengine inakaa kwa adabu kama mtoto wa wageni, ikirudi kwangu inakuwa mlafi. Nikamwuliza fundi maana yake nini. Akasema, "Basi mzee, huko kwako kuna kitu kinainyonya."

Nilirudi nyumbani nikiyatafakari maneno hayo, na kufikia mlangoni "kitu" kilikuwa kimeshakuwa "mtu".

4. Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa mama mkwe wako. Naandika hili kwa aibu, lakini mkaguzi hachagui. Niliifunga laptopu kwa uzi mwekundu, fundo la aina yangu, ili ikifunguliwa nijue. Jioni akanikuta nimeinamia fundo na miwani miwili, akaniuliza kama ni zawadi ya mtu. Nikamweleza ukweli. Akasema, "Nikitaka kujua unaandika nini nitakuuliza. Ingawa huwa unanisomea hata nisipouliza." Fundo lilikuwa salama. Chaji ilikuwa imeshuka asilimia ishirini na moja.

5. Alibaki Sindano. Unamfahamu, yule fundi cherehani wa nyumba ya mbele, aliyekushonea suti ya harusi na kukupunguzia kiuno mara mbili. Ni rafiki yangu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Kila siku saa kumi alikuwa akija, anakaa chumba changu cha kuandikia, tunakunywa chai, tunawasema waliopo kwenye magazeti. Jumanne moja nilitoka kumpokea mwenye mboga mlangoni. Niliporudi nikamkuta Sindano amesimama kando ya meza, karibu kabisa na laptopu. Akaniangalia machoni, bila hata soni, akasema, "Samahani bwana, nimekumalizia chaji."

Nikamwonyesha mlango.

Mama mkwe wako, aliyekuwa jikoni, anashikilia kwamba Sindano alisema "chai", na kwamba kikombe changu kilikuwa mkononi mwake. Nimemjibu kuwa nilichosikia nimekisikia. Nimekaa nyuma ya madarasa zaidi ya elfu nikiwasikiliza walimu wakinong'ona na sikukosa neno. Aliniangalia sana, kisha akarudi jikoni akasema kitu ambacho sikukipata.

Tangu siku hiyo ni wiki tatu. Sindano amegeuza cherehani yake. Zamani alishona akiangalia dirisha langu, sasa anashona akilipa mgongo. Nami suruali yangu imekatika kifungo, na hakuna fundi mwingine mtaa huu, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika suruali.

6. La sita ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kama mjuavyo, Jumamosi iliyopita hospitali ilimuaga mama mkwe wako baada ya miaka thelathini na minne ya ukunga. Mliomba radhi kwa kutofika, na radhi mlipewa. Niliombwa niseme neno kama mume. Niliandika hotuba ya kurasa nne ndani ya laptopu. Binti mmoja wa masjala alijitolea kunitolea kwenye karatasi, nikamwambia mimi ni mtu wa kisasa. Jumatano niliizima ikiwa na asilimia sabini na moja, nikaiacha ipumzike, isije ikachoka siku ya kazi.

Nikapanda jukwaani. Mbele yangu mganga mkuu, wauguzi waliovaa vizuri, na mistari mitatu ya watu wazima ambao mama mkwe wako aliwatoa matumboni mwa mama zao. Nikafungua. Asilimia nne. Nikasoma, "Mke wangu mpenzi, mganga mkuu, wageni waalikwa," kioo kikawa cheusi. Nikajiona ndani yake, nimefungua mdomo.

Ilibidi niseme ya kichwani. Nilisema dakika ishirini na tano. Nikikumbuka vizuri, ishirini zilikuwa juu ya hali ya vyoo katika shule za msingi. Mganga mkuu alikuwa akiandika kitu kwenye karatasi, nami nilidhani ananukuu, mpaka nilipoona anampa jirani yake naye anacheka.

Baada ya maelezo hayo, Mkwe, naomba yafuatayo:

Uwaandikie waliotengeneza mashine hii, kwa lugha yao, uwaulize wanaposema "zima" wanakusudia nini, na kama wao wenyewe wakizima taa nyumbani wanaridhika ibaki inawaka kidogo.

Umwandikie Sindano rasimu ya barua ya kukiri kosa, kwa kuwa wewe unajua maneno ya kitaalamu, naye atie sahihi. Mimi nitamsamehe siku hiyo hiyo. Nina kifungo kinachosubiri.

Uje mwenyewe ulale chumba cha kuandikia siku saba mfululizo, kando ya laptopu, uone kinachoinyonya. Godoro nimeshalitandika. Nimekuwekea na filimbi.

Na kama hayo yote hayawezekani, uichukue mashine yako. Lakini ujue kwamba siku ulipokuja na wazee wako kumposa binti yangu, nilikubali pale pale, bila ukaguzi, jambo ambalo sijawahi kuifanyia shule yoyote. Taarifa ya ukaguzi huo bado inaweza kuandikwa. Daftari lina kurasa.

Nisalimieni wajukuu, kila mmoja kwa jina lake na yule mdogo mara mbili. Wasalimie wazazi wako, usiwaonyeshe barua hii. Mama mkwe wako anakusalimu sana. Amesema na kitu kingine, lakini alikuwa ameshageuka.

Ni mimi baba mkwe wako,
Mkaguzi wa Shule (mstaafu)

Baada ya kuandika:

Nilikuwa natafuta bahasha mama mkwe wako alipoingia kufuta vumbi. Akaisogeza laptopu. Nyuma yake, kutoka tundu la pembeni, ukaonekana waya mwembamba mweusi unaoshuka mgongoni mwa meza hadi droo ya chini. Akaifungua droo. Ndani yake mlikuwa na kisanduku kidogo chenye taa ya kijani.

Naona sina budi kukueleza kisanduku hicho. Mwaka jana hospitali ilinipa vifaa vya kuvaa masikioni ili nisikie vizuri. Hukuambiwa kwa sababu nilikataza usiambiwe. Vifaa hivyo huchajiwa ndani ya kisanduku, na kila mama mkwe wako akiniuliza mbona sijavivaa, mimi humjibu kwamba viko kwenye chaji. Ili nisiwe mwongo, nahakikisha viko kwenye chaji. Miezi yote hii. Uliponiambia nichomoe kila kilichochomekwa sikukihesabu, maana hakikuwa kitu cha kuchomekwa, kilikuwa siri. Na nilipompelekea fundi mashine, kisanduku nilikiacha droo ile ile.

Mama mkwe wako alinivalisha kimoja, nikajivalisha cha pili, nikampigia fundi simu. Akasema, "Ndiyo mzee, tundu hilo la pembeni linatoa umeme hata ukizima. Kwani ulikuwa umechomeka nini?" Nilisikia kila neno, kwa bahati mbaya. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kisha nikavuka barabara kwa Sindano, suruali mkononi, maana mwilini nilikuwa nimevaa nyingine. Nilimwomba radhi. Akaanza kunijibu kwa sauti kubwa ya kupasua ukuta, kama ambavyo kumbe amekuwa akiniongelesha miaka hii yote, nikamwomba apunguze. Akaniangalia sikio la kulia, akazunguka akaangalia la kushoto, akakaa chini akacheka mpaka utepe wa kupimia ukamwanguka shingoni. Kifungo amekishona bure, lakini amesema kesho atakuja mapema, kabla ya saa kumi.

Kwa hiyo, Mkwe, maombi yangu yote hapo juu nayafuta, isipokuwa la kuja, ila uje na mke wako na watoto, na godoro nitawatafutia kubwa zaidi. Barua ningeichana, lakini nimeandika kurasa sita na mkono umeniuma.

Jambo moja nilikuficha kuhusu siku ile ya kuaga. Baada yangu mama mkwe wako naye alishika kipaza sauti akasema maneno machache. Wageni walifuta machozi. Mimi sikupata hata neno, lakini nilivyowaona vile nilisimama, nikapiga makofi kwa muda mrefu peke yangu, nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kwa shukrani. Leo nimemwomba anirudie alichosema. Amenirudia taratibu, bila kupaza sauti, huku anakunja kitambaa chake cha vumbi:

"Nilisema kwamba kwa miaka thelathini na minne nimepokea watoto wa watu wakilia, na wote walinyamaza. Sasa nastaafu, narudi nyumbani kwa yule mmoja aliyenishinda."