Malalamiko Kuhusu Mpaka wa Jasho Langu kati ya Chumba Namba 4 na Chumba Namba 9

Eduvigis Cañete,
Ofisi ya Ardhi na Ramani,
San Lamberto, Paraguai.
3 Februari

Mkurugenzi,
Hospitali ya Wilaya,
San Lamberto.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUKATALIWA KWA JASHO LANGU NA VYUMBA VIWILI VYA HOSPITALI YAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, kwa sababu ukiumwa itakubidi upite kwenye korido yako mwenyewe, jambo ambalo simtakii mtu yeyote, hata awe mkurugenzi.

Mimi ni karani mkuu wa Ofisi ya Ardhi, nina umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiamua ugomvi wa mipaka katika mji huu. Ni mimi niliyewapatanisha ndugu wawili wa ukoo wa Ayala waliokuwa wameshapigana kwa sepetu juu ya mchungwa mmoja. Kwa hiyo naomba malalamiko haya yasisomwe kama kelele za mama mwenye joto. Yasomwe kama kazi ya mtaalamu mwenye joto.

Nitaje kwanza kinachonikimbiza. Bosi wangu, Don Wilfrido, amenipa hadi mwisho wa Machi nimpelekee cheti kutoka hospitali yako kinachosema kwamba akili zangu ni timamu. Nisipokipeleka nitahamishiwa stoo ya ramani kuukuu nyuma ya jengo, chumba kisicho na dirisha, ambako wafanyakazi wenzangu watakuwa mchwa. "Ukapumzike kidogo, Ña Edú," aliniambia, kwa sauti ile ambayo watu huwasemesha nayo wagonjwa na ng'ombe. Sababu aliyoiandika ni kwamba nilimlilia mteja. Ni kweli nililia. Kiwanja chake kina upana wa mita sita na urefu wa mita tisini, na kilinihuzunisha. Inadaiwa pia kuwa nilirusha mhuri kwenye feni. Feni ilikuwa imezima, mimi nilikuwa nawaka, na mhuri ndio uliokuwa karibu na mkono.

Cheti hicho hakuna daktari anayetaka kukitia sahihi kabla hajajulikana mwenye ugonjwa wangu. Hapo ndipo yalipoanzia malalamiko yafuatayo.

1. Jasho langu halina mwenyewe. Dk. Recalde wa chumba namba 4, ambaye ni bwana wa tezi, alinipapasa shingo kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akasema: "Tezi yako ni mvivu, lakini tunaitibu. Hilo joto si langu, mama. Hilo ni la kukoma hedhi. Nenda namba tisa." Nikaenda. Dk. Insfrán wa namba 9, bibi wa mambo ya kike, hata hakuinua macho kwenye faili. "Kukoma kwako kunakwenda vizuri sana, dada. Kuchoka huko, nywele kutoka, kulia ovyo, hiyo ni tezi. Rudi namba nne." Tangu Agosti nimerushwa kati ya vyumba hivyo mara kumi na moja. Nimepima umbali wake. Ni hatua arobaini na tatu, na arobaini kati ya hizo ziko juani.

Mtu pekee katika San Lamberto aliyekubali kuumiliki ugonjwa wangu ni Ña Pabla, anayetwanga majani ya dawa pale kwenye kona ya kanisa. "Lete hapa hilo joto," alisema, "nitakutwangia kitu utie kwenye tereré, hayo majani yako ya yerba ya maji ya barafu, upoe mpaka visigino." Nilipoa visigino tu.

Kwa hiyo napendekeza mwili wangu uwekwe bikoni za mpaka. Bikoni ya kwanza iwe kwenye kidevu na ya pili kwenye mifupa ya bega. Katikati ya hapo ni mali ya chumba namba 4. Kuanzia kitovuni kushuka chini ni mali ya chumba namba 9. Kifua, ambako moto huu huwashwa, kinabaki kuwa eneo lenye mgogoro, na kwa utaratibu wa ofisi yangu, eneo lenye mgogoro hukaguliwa na pande zote mbili siku moja, saa moja, zikiwa zimesimama mahali pamoja. Yaani madaktari wako wawili wakutane. Najua naomba jambo kubwa.

2. Kidonge hakifanyi kazi. Dk. Recalde alinianzishia dozi ya hamsini. Damu ikapimwa, tezi bado imelala. Akapandisha sabini na tano. Imelala. Akapandisha mia moja. Inakoroma. Kila mara huniuliza swali lile lile, kama nameza tumbo likiwa tupu, na kila mara najibu ukweli, kwamba ndiyo, sijagusa hata kipande cha mkate wa jibini. Ndugu Mkurugenzi, mpima ardhi wangu akiniletea vipimo vitatu vya kiwanja kimoja na vyote vikagoma kukutana, siwezi kukilaumu kiwanja. Nalaumu utepe. Naomba maabara yako ikaguliwe na watu kutoka nje ya wilaya, ikiwezekana watu wasiojuana na wapwa zako uliowaajiri humo.

3. Mzani. Umewekwa koridoni, mbele ya foleni, na kijana anayeusoma ana sauti ya mnadani. "Themanini na sita na nusu," alitangaza. Ile nusu ilikuwa na faida gani kwa umma?

4. Mume wangu. Epifanio ni mtu mwema na sina la kumlaumu isipokuwa mdomo. Mimi nikilala, miguu yangu inadai blanketi na kichwa kinadai kuzamishwa katika maji ya mto Paraná. Tangu Oktoba amehamia kwenye machela ya kamba barazani, na anapozungusha tereré na wenzake amewaambia, mimi nikisikia, "Jamani, nimeoa friji lenye jiko ndani." Wakacheka, na mimi nilicheka, kwa sababu si uongo. Kisichonichekesha ni kwamba siku hizi, kabla hajaniuliza hata chumvi iko wapi, ananitazama kwanza usoni, kama mtu anayechungulia iwapo mbwa kafungwa. Tumeoana miaka ishirini na nane na hajawahi kunitazama hivyo. Inaniuma. Naomba Epifanio naye afunguliwe kadi, apewe namba, akae kwenye foleni, apimwe na yule kijana wa mnada.

5. Matusi ya Nesi Liduvina. Hili ndilo zito, na naomba uketi. Jumatano iliyopita nesi huyu, msichana wa juzi tu, alinishika mkono nikitoka maabara akaniuliza, "Mama, hicho kidonge asubuhi unakimezea nini?"

Nikamjibu, "Kibuyu changu cha yerba. Kama mtu yeyote."

"Yerba ya maji?"

"Ya maziwa ya moto, nazi na sukari. Kwani kwenu mnakunywaje?"

Alicheka hadi akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Kisha akasema, mbele ya watu wanane ambao majina yao ninayo: "Kumbe sisi tunakupandishia dozi, na wewe unaizamisha kwenye maziwa. Maziwa yanakizuia hicho kidonge kisiingie mwilini, mama. Meza na maji matupu, halafu kaa saa nzima bila kitu. Bila kitu, mama. Na kibuyu ni kitu."

Kibuyu ni kitu. Sijawahi kusikia neno kama hilo katika nchi hii. Ndugu Mkurugenzi, wewe ni mwenzetu, mama yako alikulea. Unajua vizuri kwamba kibuyu cha alfajiri si chakula wala si kifungua kinywa. Ni sehemu ya kuamka, pamoja na kufungua macho. Mtu hushika kibuyu mkononi, mrija mdomoni, akamwambia jirani yake kwa moyo safi kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, na jirani humpa pole. Nikiulizwa kama tumbo langu ni tupu na nikasema ndiyo, nasema hivyo kwa niaba ya taifa. Nadai msamaha wa maandishi. Na ili kumuumbua msichana huyu nitafanya majaribio yangu mwenyewe, kwa maji matupu na kwa saa, tuone nani atacheka.

6. Jambo hili naliandika polepole. Mama yangu, Ña Basilia, alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili alipoanza kuvaa sweta mwezi wa Januari, katikati ya joto kali. Nywele zikamtoka. Sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Akawa anasimama kwenye karo la kufulia, shati moja mkononi, analia, na ukimuuliza analilia nini anasema hajui. Wajomba zangu walikaa kikao cha nusu saa. "Basilia karukwa na akili, basi," akasema mkubwa wao, na wakamhamishia chumba cha nyuma, karibu na banda la kuku, ili apumzike. Nilikuwa nampelekea sahani. Alikaa kule miaka saba hadi akafa, na katika miaka hiyo saba hakuna mtu aliyemtoa hata tone moja la damu kulipima.

Don Wilfrido aliposema nikapumzike nyuma ya jengo, niliona lile banda la kuku. Ninaogopa, Ndugu Mkurugenzi. Nimeandika kurasa tatu za ufedhuli ili nisiliandike neno hilo, na sasa nimeliandika. Asubuhi nyingine natafuta jina la mtaa nililoliandika mara elfu, silipati, na nawaza kwamba labda wajomba walikuwa sahihi juu yetu sote wawili. Nataka cheti kinachosema kwamba ninaumwa na kwamba si mwendawazimu. Naomba kiwe na sahihi mbili, ya namba 4 na ya namba 9.

7. Ikiwa hospitali yako haitaweza kutoa cheti hicho, nina maombi mbadala. Kwanza, kitolewe cheti kwamba watu wengine wote wa San Lamberto ndio wendawazimu, na mimi niachwe kama nilivyo. Ni karatasi moja tu na itafanya kazi ile ile. Pili, kiangazi kihamishiwe Julai, kwenye baridi yetu, wakati ambapo baadhi yetu tungekihitaji. Tatu, wanawake wote wa mji huu wenye umri kati ya miaka arobaini na mitano na sitini tutengewe wilaya yetu, yenye mpaka wake, feni zake, na mzani usio na tarakimu. Ramani nimeshaichora. Kwa upande wa magharibi tutachukua kijito, na kwa upande wa mashariki, samahani, tutachukua hospitali.

Namalizia kwa kumsalimu Dk. Recalde, kisha hatua arobaini na tatu baadaye namsalimu Dk. Insfrán. Nisalimie wahudumu wa maabara na wapwa zako wote, mpishi, mlinzi wa geti ambaye ndiye mtu pekee hapo anayeniuliza habari za nyumbani, na mama yako mzazi, ambaye nina hakika asubuhi hii hajatia kitu tumboni isipokuwa vibuyu vyake vinne.

Wako katika kutokwa jasho,

Eduvigis Cañete
Karani Mkuu (hadi mwisho wa Machi)

N.B. 20 Machi. Barua hii sikuituma hadi leo. Niliifungia kwenye droo nikisubiri ushahidi wa kumwangamiza Nesi Liduvina. Kwa wiki sita nimemeza kidonge kwa maji ya bomba, Epifanio akiwa ameketi mbele yangu na saa mkononi na kibuyu changu nyuma ya mgongo, na naapa kwamba saa hiyo moja ni ndefu kuliko ndoa yetu. Juzi nilipimwa. Dk. Recalde aliisoma karatasi mara mbili. "Tezi haijalala tena, mama, sasa inakimbia. Dozi imezidi. Umefanya nini?" Nilimwambia ni baraka za Mungu. Ameishusha hadi sabini na tano.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko namba 2 na namba 5, na maabara yako ina heshima zangu. Namba 1 imejiamua yenyewe: uchovu na machozi vilikuwa vya chumba namba 4, joto lililobaki ni la chumba namba 9, na Dk. Insfrán amelipokea na kuniandikia dawa. Malalamiko namba 4 Epifanio ameyafuta mwenyewe kwa kurudi kitandani, na blanketi lake. Namba 7 ilikuwa hasira tu, ingawa ramani ni nzuri. Yule kijana wa mzani namdai bado.

Cheti nimekipata. Nesi Liduvina alitembea koridoni akakitafutia sahihi zote mbili, na nilimpelekea maziwa ya nazi chupa nzima, akanywe saa yoyote atakayo. Kimeandikwa mistari miwili: kwamba mgonjwa alikuwa na tezi isiyofanya kazi sawasawa wakati wa kukoma hedhi, na kwamba akili zake ni timamu.

Limebaki ombi moja. Naomba mniandikie nakala ya pili, maneno yawe yale yale, jina liwe Basilia Cañete. Najua amekufa, na najua hamkumpima. Wajomba nao hawakumpima, na neno lao lilikubaliwa.