Mtani wa Upande Mmoja

Habari iliyotufikia kijiweni asubuhi ile ilikuja na mwenyewe. Erasto, karani wa mizani kwenye ghala la wanunuzi wa korosho, alitokea kwa Mama Loveness, muuza kahawa wetu, saa nne kamili, siku ya kazi, katikati ya msimu. Masasi nzima inajua kwamba msimu wa korosho karani wa mizani haonekani mtaani hata akiwa anaumwa. Akakaa kwenye benchi, akatoa barua mfukoni, akaiweka mezani kati ya kashata na birika.

"Nimepewa onyo," akasema. "Nijibu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo kazi sina."

Mzee Bonifasi akakohoa. Huyu tunamwita Shirika, maana alikuwa akifanya kazi kiwanda cha shirika la umma mpaka kikafungwa, na mpaka leo hajakubali kwamba kimefungwa.

"Onyo la maandishi? Enzi za shirika, barua ya onyo ilipita kwa wakubwa wanne. Ikikufikia, umeshastaafu."

"Sasa ni soko huria, mzee," nikamwambia. "Hata onyo linakuja fasta."

"Lete hapa," akasema Wakili.

Wakili jina lake Mohamedi. Aliwahi kuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo kwa miaka sita, na sheria zote zilizokuwa kwenye bahasha alizobeba anadai zilimwingia kwa njia ya kwapa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya hakimu.

"'Yah: Utovu wa nidhamu. Siku ya Jumanne, mbele ya wageni kutoka Dar es Salaam, ulimtolea meneja wako maneno ya kumdhalilisha, ilhali maneno ya meneja kwako yalikuwa ni utani wa kawaida.' Mhuri huu hapa. Sahihi hii hapa."

"Baba Julia, ulimwambia nini bosi wako?" Mama Loveness akauliza huku akimmiminia Erasto kahawa.

"Si ndiyo hivyo tu."

"Sema bwana, hapa hakuna mgeni."

Meneja mwenyewe sisi tunamwita Feni. Alishuka kutoka bara na feni mbili, moja ya ofisini, moja ya chumbani, na zote zinamwelekea yeye.

"Kila asubuhi nikiingia," Erasto akaanza, "ananiuliza, 'Karani, leo umekula panya wangapi?' Nacheka. Nikipatia hesabu anaita watu, 'Jamani, Mmakonde huyu ana akili!' Nacheka. Wakija wageni ananisimamisha kama gunia la sampuli, 'Huyu ni Mmakonde lakini anaandika vizuri.' Nacheka. Basi Jumanne akawaambia wageni, 'Fungeni mabegi yenu, kama mna panya humo, karani wangu hajanywa chai.'"

"Ukacheka," nikasema.

"Siku hiyo kicheko kiligoma kutoka. Nikawaambia, 'Msiogope wageni wetu, humu ndani panya namjua mmoja tu, na ana feni.'"

Benchi likalipuka. Shirika alipaliwa na kahawa tukampiga mgongoni.

"Wageni je?"

"Walicheka kuliko walivyocheka mara ya kwanza. Hapo ndipo kosa lilipo."

Shirika akajifuta ndevu. "Lakini jamani tusidanganyane. Panya tunakula."

"Tunakula," akakubali Erasto. "Tena watamu."

"Sasa mtu akisema unakula panya na kweli unakula, tusi liko wapi?"

Wakili akavua miwani. "Shirika, una mke?"

"Ninaye."

"Nikikuuliza kila asubuhi mbele za watu, 'Shirika, jana umelala na mkeo?' Ni kweli, si kweli?"

"Nakung'oa meno!"

"Lakini si kweli umelala naye?"

Mama Loveness akajifanya hakusikia, akapuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Nenda chama cha wafanyakazi," Shirika akageuza mada.

"Mwenyekiti wa tawi letu ni meneja."

"Ala! Kajichagua?"

"Alisema chama ni familia, na baba wa familia ni yeye."

Mimi, fundi redio, mtu wa amani na mwoga wa kuzaliwa, nikasema lililokuwa moyoni. "Omba radhi, Erasto. Una watoto wanne. Andika samahani mistari miwili, yaishe."

"Nikiandika samahani, kesho asubuhi ataniuliza panya wangapi."

"Si utacheka?"

"Sitaweza tena, fundi. Hilo ndilo linanitisha."

Wakili peke yake ndiye aliyekuwa bado anaitazama barua, na ghafla akapiga meza, kashata zikaruka.

"Amekwisha! Feni amekwisha! Kaandika mwenyewe kwamba ni utani!"

"Sasa?"

"Shirika, mimi Myao wewe Mmakonde. Nimekutukana miaka mingapi?"

"Thelathini. Na leo asubuhi."

"Mama yako alipofariki, nani alichimba kaburi?"

"Wewe."

"Nani aliingia humo akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo?"

"Wewe, mshenzi mkubwa."

"Nani aliosha masufuria siku tatu?"

"Wewe." Shirika akainamisha kichwa kidogo. "Na ndiwe uliyenichekesha siku ile, nami nilikuwa nimejua sitacheka tena maisha."

"Basi! Utani una kazi yake. Huwezi kuchukua matusi ukaacha masufuria. Erasto, kamata kalamu."

Mama Loveness akatoa daftari la Loveness la shule, akachana karatasi mbili za katikati. Wakili akasimama, mkono nyuma, akaanza kutamka, na kila mtu akawa anatia lake.

"'Yah: Kukupokea rasmi kuwa mtani. Kwa kuwa umekiri kwa maandishi kwamba maneno yako ya panya ni utani, kwa niaba ya ukoo wangu ninakupokea.' Nukta. 'Haki ya mtani ni kutania na kutaniwa bila kununa.'"

"Akinuna?"

"'Akinuna, faini yake ni jogoo.'"

"Majogoo wawili," akasema Shirika. "Huyo ana mshahara wa Dar."

"'Wajibu wa mtani ni kuchimba kaburi, kuchota maji na kuosha vyombo. Jumamosi hii tunamaliza matanga ya mjomba wangu Lulindi. Unatakiwa ufike alfajiri, masufuria yanakusubiri.'"

Tulicheka mpaka wapita njia wa barabara ya Newala wakasimama. Erasto naye alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu afike. Aliyekuwa hacheki ni Mama Loveness.

"Barua nzuri," akasema. "Ila mtamchekesha tu. Ataisoma kwa wenzake, watacheka, yataisha."

"Ulitaka tuandike nini, mama?"

"Mmeandika jogoo, mmeandika masufuria. Hamjaandika kwamba inamuuma."

"Barua ya kiofisi haiumwi, Mama Loveness," akasema Shirika. "Mwanaume hawezi kumwandikia bosi 'inaniuma'. Enzi za shirika..."

"Inaniuma," akasema Erasto.

Alisema polepole, macho kwenye karatasi. "Mwezi uliopita Julia aliniletea chakula ghalani. Meneja akafunua bakuli mbele yake, akakoroga kwa peni, anatafuta mikia. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mtoto akiniangalia. Tangu siku hiyo haleti chakula. Ukimtuma anasema kichwa kinamuuma."

Mimi niliyemshauri aombe radhi niliona haya, nikaanza kuchokonoa redio isiyo na ubovu. Erasto akaandika mwenyewe mstari wa mwisho, bila Wakili: Siupendi utani huu. Unaniuma, na umemuumiza mwanangu.

Wakati huohuo akaja mlinzi wa ghala, yule tunayemwita Msumbiji.

"Shikamooni wazee. Meneja anauliza kama jibu liko tayari. Wakulima wamejaa na mizani haina mtu."

"Marahaba, Msumbiji!" Shirika akampokea. "Bado upo tu? Vita kwenu si vimekwisha? Utarudi lini?"

"Anasubiri korosho zetu ziishe kwanza!" akadakia Wakili.

"Wamemsahau huko, kadi ya kura hana," nikatia na mimi, kwa kuwa ni mzaha wa kila siku na unatoka wenyewe.

Msumbiji akacheka kama kawaida yake. Erasto akamkabidhi barua, akamwambia, "Kimbia Msumbiji, usije ukavuka nayo Ruvuma." Mlinzi akacheka tena, akaenda.

Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Erasto alikunywa vikombe vitatu bila kuvimaliza. Mwishowe tukamwona Msumbiji anarudi kwa mwendo uleule, si wa mbio si wa pole.

"Kasemaje?"

"Alianza kuisoma kwa sauti, akamwita mhasibu asikie. Wakacheka sana kwenye majogoo. Alipofika mwisho akaacha kusoma kwa sauti. Akaurudia mstari ule kimya kimya."

"Halafu?"

"Akazima feni."

"Nnungu wangu!" Shirika akamwita Mungu kwa Kimakonde.

"Akasema, 'Kumbe yule mtoto alielewa.' Akakaa. Kisha akaniuliza hayo masufuria ya Lulindi ni makubwa kiasi gani. Nikamwambia yapo ambayo unayaosha ukiwa umeingia ndani. Akasema, 'Mwambie karani arudi kwenye mizani. Onyo alichane huko huko.'"

Kelele zilizopigwa pale, ungedhani korosho imepanda bei. Wakili akamkumbatia Erasto, akadai ada yake ya uwakili kwa kashata. Mama Loveness akaichana barua ya onyo, akawashia mkaa. Shirika akasogea kwenye benchi, akapiga kwa kiganja pale palipobaki wazi.

"Msumbiji, kaa hapa! Leo unakunywa kwangu! Ukirudi kwenu ukasimulie!"

Msumbiji hakukaa. "Baba Julia," akasema, "nilipochukua barua niliona karatasi mbili mezani. Moja si imebaki?"

"Imebaki. Unataka kumwandikia meneja?"

"Hapana. Meneja hana shida na mimi."

"Sasa nani?"

Akaangalia benchi letu, mmoja mmoja, bila hasira yoyote. "Nataka barua ya hapa hapa, kwenu ninyi. Nilivuka Ruvuma nikiwa mgongoni kwa mama. Watoto wangu watatu wamezaliwa Masasi. Andika ule mstari wa mwisho tu, mwingine sihitaji. Na wewe Baba Julia umo."

Wakili akaangalia saa, akakumbuka swala ya adhuhuri, lakini hakuinuka. Shirika alikuwa bado ameuweka mkono pale kwenye nafasi wazi. Erasto akaivuta karatasi, akanyoosha kalamu, akaanza na jina halisi la Msumbiji, maana yeye hulijaza kila asubuhi kwenye kitabu cha mahudhurio. Sisi wengine ikabidi tuiname kulisoma. Filemoni.